Madeski 120 kwa wiki tatu: nijenge jigi kwanza ama nianze tu kuchomelea?

Swali limetoka kwa fundi mmoja wa Nakuru, nimelifupisha kidogo (jigi ni kifaa unachojenga kishike vipande pahali pake, ndio kila kimoja kitoke sawa na kingine):

"Salamu mwalimu. Mimi ni fundi wa chuma hapa Nakuru upande wa Free Area, nafanya na ndugu yangu mdogo. Tumepata oda ya shule, madeski 120 ya kukaa watu wawili wawili, fremu ya tyubu ya inchi moja geji 16 (geji ni unene wa chuma), juu mbao. Tuko na siku 18 za kazi ukitoa Jumapili, na mkataba unasema tukichelewa pesa inakatwa. Sampo tulitengeneza ikapita, ilituchukua dakika 90 hivi mimi na yeye tukisaidiana. Sasa mimi nataka siku mbili nijenge jigi nzuri ndio tuanze. Ndugu yangu anasema siku mbili ni madeski tisa tunatupa, tuanze tu kuchoma. Tuko na mashine moja ya kuchomelea ya inverta na grainda moja, mbao anafanya fundi wa mbao jirani yetu. Nani ako sawa?"

Ndugu yangu, asante kwa kuandika na namba zako, watu wengi huniuliza hili swali bila hata dakika moja waliyopima na hapo siwezi kuwasaidia. Wewe uko sawa kuliko ndugu yako, lakini hizo siku mbili zako pia zimezidi, na kuna kitu kikubwa nyote wawili hamjakiona bado. Wacha nianze na hesabu halafu tuingie kwa chuma.

Chukua siku yako ya kazi. Unafungua saa mbili asubuhi unafunga saa kumi na moja, inaonekana ni masaa tisa, lakini toa chai, toa lunch, toa mteja amekuja kuuliza bei ya geti, toa stima kupotea, unabaki na masaa saba ya kazi ya ukweli na hapo nimekuhurumia. Masaa saba ni dakika 420. Mara siku 18 ni dakika 7,560. Gawa kwa madeski 120 unapata dakika 63. Hiyo 63 iandike kwa ukuta na chaki, kwa sababu ndiyo dedlaini yako ikiwa imevaa nguo za kazi: kila deski likipita dakika 63 mmechelewa, likiwa chini mko ndani. Nyinyi sai mko 90. Kwa hivyo njia ya ndugu yako, tuanze tu, inawafikisha madeski 84 siku ya mwisho, na shule inangoja 36 zingine. Hajakosea kwamba siku mbili ni madeski tisa, hesabu yake ni ya kweli kabisa, shida ni kwamba analinda madeski tisa na huku anapoteza thelathini na sita.

Najua atasema mtafanya usiku. Dakika 90 mara 120 ni 10,800, gawa kwa siku 18 ni dakika 600, masaa kumi ya kazi tupu kila siku, na ili upate masaa kumi ya kazi tupu lazima ukae kwa karakana kama kumi na tatu, kumi na nne. Siku tatu za kwanza mtaweza. Siku ya nne mkono unaanza kutetemeka, welding zinakuwa na mashimo, macho yanawasha, na kazi ya kurudia inaanza kula ile kazi mpya. Nimefanya hiyo nikiwa kijana na simshauri mtu, hasa mtu anayetaka kuchomelea hadi awe na wajukuu.

Sasa upande wako. Ukitoa siku mbili za jigi unabaki na siku 16, dakika 6,720, gawa kwa 120 ni dakika 56. Kwa hivyo jigi yako lazima ishushe deski kutoka 90 hadi chini ya 56 la sivyo hata wewe umechelewa na jigi yako nzuri. Je, itashusha? Hapo ndio huwezi kujibu kwa kukisia. Kabla hujakata kipande kingine cha chuma, tengeneza deski moja zaidi, la pili, ndugu yako akiwa na simu mkononi anaandika dakika za kila hatua. Nilishawahi kufanya hivyo na vijana wangu hapa Kibuye, Kisumu, kwa fremu inayofanana sana na yako, na dakika zao zilienda namna hii: kupima na kuweka alama 14, kukata 16, kupanga na kuweka skwea na kupiga taki, zile nukta ndogo za kushikilia tu, 28, kuchomelea kabisa 18, kugrainda na kunyoosha 14. Jumla 90, sawa na yako. Zako zitatofautiana kidogo lakini naweza kusema nina hakika na umbo lake: ile kazi inayoitwa kuchomelea, ile ambayo mteja anafikiri analipia, ni dakika 18 tu kati ya 90. Zingine zote ni kutafuta kipande kikae pahali pake.

Na angalia ile 28. Mwenzako ameshika tyubu, wewe umeshika skwea na mkono mwingine holda ya rodi, unapiga taki moja, chuma kinavuta, unapiga nyundo, unaangalia tena, mwenzako amesonga kidogo kwa sababu cheche imemruka, mnaanza upya. Watu wawili kwa kona moja. Hapo ndio kile kitu nimesema hamjakiona. Faida kubwa ya jigi kwenu sio hata zile dakika za kupanga, ni kwamba jigi inashika chuma badala ya ndugu yako. Mikono yake inakuwa huru. Leo nyinyi ni watu wawili mnaofanya kazi ya mtu mmoja na nusu, jigi ikiingia mnakuwa watu wawili wa ukweli: yeye anapima, anakata na kugrainda, wewe unapanga na kuchoma, kila mtu na kituo chake.

Vijana wangu baada ya kuweka jigi na stopa ya kukatia, yaani kizuizi kinachosimamisha tyubu kwa kipimo, kupima ilishuka hadi 2, kukata 9, kupanga na taki 10, kuchomelea 16, kugrainda 7. Hiyo ni 44. Lakini kwa sababu wamegawana, aliye kwa meza ya kuchomelea anatumia 26 kwa deski na aliye kwa grainda anatumia 18, na wanaenda pamoja kwa wakati mmoja, kwa hivyo deski linatoka kila dakika 26. Kwa karatasi hiyo ni madeski 16 kwa siku. Usipange 16! Panga kumi. Nitakuambia mbeleni kwa nini.

Nikupe mfano ambao kila mtu wa huku kwetu ameuona. Matanga yakiwa makubwa, watu mia mbili wanakuja, angalia mama anayesimamia chapati. Hawashi jiko halafu aanze kukanda unga. Anakanda unga wote, anakata madonge anayapanga kwa sinia na kitambaa juu, na jiko linawashwa wakati wasichana wameshaanza kusukuma, na tangu kikaango kipate moto hakikai bila chapati hata kidogo, moja ikitoka ingine imeshasukumwa inangoja. Yule mama anajua kitu kimoja kwamba kikaango ni kimoja, kwa hivyo kila kitu kingine lazima kifanywe kikaango kikiwa kimelala ama kikiwa kimeshughulika, kisifanywe kikaango kikiwa na moto kinangoja. Kikaango chako ni mashine ya kuchomelea. Kila wakati mashine imewashwa na wewe unatafuta tepu, hapo unachoma makaa bure.

Sasa turudi kwa siku mbili zako. Kwa nini nasema zimezidi? Chukua saa moja ya matayarisho, dakika 60, gawa kwa madeski 120. Ni nusu dakika. Yaani kila saa unayoongeza kwa jigi lazima ikurudishie angalau nusu dakika kwa kila deski, ikirudisha chini ya hapo imekula dedlaini. Hii kanuni ndogo nimeitumia miaka mingi na haijaniangusha, na inafanya kazi pande zote. Nusu siku ya kwanza ya jigi inakupunguzia labda dakika 30 kwa deski, hiyo ni kama kuokota pesa barabarani: masaa matatu na nusu ni dakika 210, gawa kwa 30, imeshajilipa ukifika deski la saba. Lakini siku ya pili ya jigi unafanya nini? Nawajua mafundi, na mimi ni mmoja wao. Unatafuta klampu za kubana haraka, unaweka bawaba jigi igeuke, unapaka rangi. Dakika 420 gawa kwa 120 ni dakika tatu na nusu. Je, bawaba itakuokolea dakika tatu na nusu kila deski? Kwa madeski 1,000 ningesema ndio jenga, kwa 120 hapana. Na kama oda ingekuwa madeski sita ningekuambia sahau jigi kabisa, piga alama kwa sakafu na chaki uendelee.

Jigi yenyewe ya haraka inajengwa hivi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio moyo wa mambo. Uko na sampo iliyopita. Usianze kuchora, sampo ndiyo mchoro wako. Kwanza ihakikishe, pima kona kwa kona kwenye kila upande, mistari miwili ya kona lazima iwe sawa, ikipishana hata milimita tatu inyooshe kabla ya kuendelea maana hilo kosa unaenda kulizalisha mara 120. Halafu laza ule upande wa miguu juu ya meza ya chuma ama bamba nzito, chukua vipande vifupi vya engo-laini (chuma cha pembe), vya inchi tatu hivi, uvipange kuzunguka fremu na uvichomelee kwa meza. Usivisukume vikashikana na tyubu. Katikati ya engo na tyubu weka blade ya zamani ya hakso, choma, kisha toa blade. Ule unene wa blade ndio nafasi ambayo tyubu ya kesho itahitaji, kwa sababu tyubu hazilingani zote na zingine zina mshono umetokeza.

Kitu cha pili, pale kwa kona zenyewe usiweke engo, acha wazi kabisa, vidole viwili hivi kila upande, kwa sababu hapo ndio utachoma, na ukiziba utajikuta umechomelea deski la shule kwa meza yako.

Kitu cha tatu nilikilipia. Miaka ya mwanzo nilipata kazi ya vitanda vya bweni, shule moja upande wa Kakamega, vitanda 40. Nikajenga jigi ya kukaza pande zote nne, imebana vizuri, nikaipenda sana. Fremu ya kwanza nikaipanga, ikakaa kama kifuniko kwa sufuria, nikachoma kona zote. Ikapoa. Ikakataa kutoka. Welding ikipoa inavuta chuma, fremu inajikunja kidogo ndani na kushika zile stopa za katikati, na zile za nje zinaizuia isiende kokote, kwa hivyo imejifunga yenyewe. Tulipiga nyundo hadi tyubu ikapinda, mwishowe nikakata stopa na grainda, jioni imefika na sina kitanda hata kimoja. Kazi yote ilitoka siku nne baadaye na yule mteja hakunirudia tena. Kwa hivyo weka stopa ngumu pande mbili tu, ule wa chini na ule wa kushoto, hizo ndizo zinashika vipimo. Pande zile zingine mbili bana na kabari, vipande vya flati-baa vilivyokatwa mshazari ama hata kabari za mbao ngumu, ukigonga inaingia inabana, ukigonga upande wa pili inatoka. Piga taki kona zote, gonga kabari zitoke, inua fremu, malizia kuchoma nje ya jigi kwa meza ya pembeni. Hivyo jigi haikai ikingoja welding ipoe, na wewe unamaliza kona kwa kupishana, hii halafu ile ya ng'ambo, ndio fremu isijikunje.

Hiyo ni kazi ya masaa matatu hadi manne, upande wa miguu, na mengine mawili kwa jigi ndogo ya kusimamisha pande mbili zishikane na zile tyubu za katikati. Weka alarm kwa simu. Kesho kutwa saa sita mchana ikilia, jigi imekwisha vile iko, hata kama kuna kitu bado kinakukera. Nasema hivi kwa sababu matayarisho yana ubaya mmoja, hayana mwisho wake yenyewe. Kuchomelea unajua umemaliza, deski la 120 limesimama hapo. Jigi unaweza kuiboresha hadi shule ifunguliwe na ifungwe.

Na ndugu yako hakai bure hiyo siku moja na nusu, na hapa mtapatana wewe na yeye. Asubuhi ya kwanza, dakika 40, tengeneza stopa ya kukatia: tyubu inalala kwa njia ya engo-laini, mwisho wake inagonga kipande cha chuma ulichochomelea kwa kipimo cha mguu, yeye anakata bila tepu. Anaanza kukata wewe ukiwa kwa jigi. Kwa hivyo hakuna siku ambayo karakana imesimama, yeye ameanza kazi vile alitaka na wewe umepata jigi vile ulitaka. Ila asikate miguu yote 480 siku ya kwanza! Akate ya madeski matano, mpitishe kwa jigi, msimamishe, mkalie, mpime kimo na sampo, ndio muendelee kukata ya ishirini ishirini. Stopa ikisonga kidogo na hujaangalia, inakata vibaya kwa haraka sana.

Hapo kwa kukata kuna kimtego. Sisi husema tyubu ni futi 20, lakini nyingi zinazouzwa ni mita 6, na mita 6 ni futi 19 na inchi 8, kwa hivyo ukipanga kwa futi 20 unakosa karibu inchi nne kila tyubu. Pima zile zako kwa tepu. Tena diski inakula chuma, kama milimita 3 kila mkato. Mguu ukiwa milimita 700, vinane ni 5,600, mikato minane inakula 24, unabaki na 376, na hapo angalia kama kuna kipande kingine cha deski kinachotosha humo ndani. Nusu saa ya kukaa na karatasi hapo inaweza kukuokolea safari za hardware na pesa pia.

Hizo safari za hardware sasa ndizo nataka uzichunge zaidi hata ya jigi. Kuna Mjapani mmoja anaitwa Shigeo Shingo, maisha yake yote alichunguza jinsi viwanda vinavyopoteza wakati kabla mashine haijaanza kuzunguka. Mwaka 1950 alikuwa Hiroshima kwa kiwanda cha Toyo Kogyo, ndio hawa wanaotengeneza Mazda, akaona mfanyakazi anabadilisha dai, kile kipande kinachokipa chuma umbo, ya mashine kubwa ya kukandamiza chuma, bolti moja haionekani. Yule mtu akazunguka kiwanda karibu saa nzima akitafuta, mwisho akachukua bolti ndefu kutoka mashine ya jirani, akaikata na kuitia nyuzi upya ndio itoshe. Mashine kubwa hivyo imelala saa nzima kwa sababu ya bolti. Hapo ndio Shingo akatenganisha matayarisho mara mbili, yale ambayo lazima mashine iwe imesimama na yale ambayo yanaweza kufanywa mashine ikiendelea, na mwaka 1969 akiwa na Toyota walikuwa na mashine ya tani 1,000 ambayo kuibadilisha dai ilikuwa inachukua masaa manne, wakaishusha hadi dakika 90, baadaye hadi dakika 3. Karibu yote hayo yalitoka kwa kuandaa vitu mapema na kuviweka karibu.

Sasa wewe hesabu, kama kila asubuhi unatuma mtu hardware akalete rodi za kuchomelea pakiti moja na diski mbili, saa moja inaenda, mara siku 18 ni masaa 18, hiyo ni siku mbili na nusu za kazi. Zaidi ya jigi yote! Na hiyo hakuna ndugu yako anayeipigia kelele kwa sababu inatoka kidogo kidogo. Pesa ya kuanzia ukipata nunua tyubu zote, rodi geji 12 zote na uzifunge kwa nailoni mahali pakavu, diski zote, praima yote, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Mbao pia, mwambie jirani yako aagize leo, aipange na vijiti katikati upepo upite. Mbao mbichi ukiipigilia kwa fremu wiki ya tatu, ikikauka darasani inajikunja na skrubu zinalegea, na haya ndio matayarisho matamu zaidi, yale yanayojifanya yenyewe wewe ukiwa umelala.

Nilisema panga kumi kwa siku sio 16, sababu ni hizi. Mashine yako ina kibandiko nyuma kinachosema kiwango na asilimia, nyingi zimeandikwa 60%, maana yake kwa moto ule mkubwa inaruhusiwa dakika 6 kwa kila 10, zingine inapumzika. Ulipokuwa unapanga na skwea mashine ilikuwa inapumzika sana bila wewe kujua. Jigi ikija, mapumziko yanapungua, na ghafla mchana taa ya njano inawaka mashine inazima. Kwa tyubu ya geji 16 na rodi geji 12 hautumii moto mkubwa hivyo, na Nakuru kuna baridi kuliko huku kwetu, lakini usiiweke juani na usifunike matundu yake na gunia. Halafu stima. Weka siku moja nzima kwa hesabu kama imeshapotea, na kazi zake zijulikane mapema: kusugua kutu, kupaka praima kwa brashi, kutoboa na kupiga skrubu kwa mkono. Halafu madeski kumi ya kwanza yatakuwa polepole, mkono haujazoea, usiogope, usiibomoe jigi deski la nne.

Kwa hivyo kalenda yenyewe ni hivi. Siku ya kwanza na nusu ya pili, stopa na jigi, ndugu anakata. Mchana wa siku ya pili madeski matatu ya kupima, na mwite mtu wa shule ayaone ama umtumie picha aseme sawa. Kuanzia ya tatu kumi kumi, siku ya kumi na nne mko na 120 za chuma. Praima inaanza siku ya tano, mkusanyiko wa ishirini, usiache rangi yote hadi mwisho maana rangi haiharakishwi, rangi ya mafuta inataka usiku kukauka na mvua ikinyesha inataka zaidi. Mbao inaingia nyuma ya rangi. Siku nne za mwisho zibaki kwa makosa na kupeleka.

Ongea na shule mapema wakubali kupokea 40, 40, 40. Wengi hukubali, na ukiwa umeshapeleka 80 hakuna mtu anakupigia simu kwa ukali.

Jioni ya siku ya tano hesabu yaliyosimama, yale ya mchana wa siku ya pili pia yahesabu. Yakiwa 30 ama zaidi endelea hivyo hivyo. Yakiwa chini ya 20, simama nusu saa na uangalie nani anangoja nani: kama wewe unangoja vipande, mtafutie ndugu yako grainda ya pili ya kukodi, kama yeye anakungoja wewe, kaa kwa meza ya pembeni ya kumalizia kuchoma na ulete kijana wa kupanga vipande kwa jigi. Niandikie dakika za deski la kumi, zile za kila hatua, na uniambie ni gani imebaki kubwa.